Kinundu Kwenye Picha ya Mkawasi

Kati ya kazi zote za Kituo cha Uzazi cha Iyale, Mghoi aliipenda zaidi ile ya kuwalaza watoto chini ya kofia. Ilikuwa kazi ya utulivu. Mtoto alinyonya akashiba, akafungwa vizuri ndani ya shuka la joto, kisha Mghoi akamvisha kofia laini iliyomfunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Kwa dakika ishirini hakukuwa na sauti yoyote chumbani isipokuwa pumzi za mtoto na upepo wa mlimani ukigongagonga dirisha. Mghoi alikuwa na miaka arobaini na sita. Watu walipomwuliza kwa nini hakuomba uhamisho kurudi pwani kama wenzake, alijibu kwamba watoto wa pwani hawalali kwa sababu ya joto.

Asubuhi hiyo aliyekuwa chini ya kofia ni Mkawasi, mtoto wa siku tano, uzao wa kwanza wa Saru. Saru alikuwa fundi wa mitambo ya upepo iliyojipanga kwenye ukingo wa mlima juu ya kituo. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, amekunja mikono, akiitazama kofia kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Ndani kuna nini?" aliuliza.

"Sumaku nyembamba, kama ganda la yai."

"Na zinafanya nini?"

"Zinasikiliza," alisema Mghoi. "Kila kemikali iliyomo kwenye ubongo ina mlio wake. Kofia inaisikia yote, halafu inatuchorea. Tazama."

Akamgeuzia skrini. Upande mmoja palikuwa na ubongo wa Mkawasi, mdogo kama ngumi, wa kijivujivu. Upande wa pili palikuwa na mstari uliopanda na kushuka kama safu ya milima. Saru akacheka. "Huu hapa ni mlima wetu Vuria," akasema akionyesha kilele kirefu kuliko vyote.

Ndivyo Mghoi naye alivyoiona siku zote. Milima ile aliijua kwa majina, urefu wake na nafasi zake, na kwa miaka sita tangu kofia iletwe Iyale alikuwa ameipitia ya watoto elfu mbili na ushee. Sheria ilitaka kila mtoto avae kofia kabla ya siku ya saba. Zamani, mtoto ambaye mwili wake haukuweza kuvunja protini ya maziwa alizaliwa mnene na mzuri, akanyonya, na kadiri alivyonyonya ndivyo asidi zenye sumu zilivyojaa ubongoni mwake. Wiki ya pili alikuwa amekufa, na wazazi hawakuambiwa lolote zaidi ya pole. Sasa kofia iliziona asidi zile kabla mtoto hajaanza hata kulegea. Taa ilikuwa kijani au nyekundu. Kijani, mtoto alikwenda nyumbani. Nyekundu, alipelekwa siku hiyohiyo hospitali kubwa, akaachishwa ziwa na kuanzishiwa maziwa maalumu. Iyale taa nyekundu ilikuwa imewaka mara nne tu, na watatu kati ya watoto hao walikuwa hai. Mmoja alishaanza chekechea.

Taa ya Mkawasi ikawaka kijani.

"Hongera, mama," alisema Mghoi, na wakati anasema, macho yake yalikuwa yameshateleza kwenye mstari, chini kabisa upande wa kulia, mahali ambapo kwa kawaida ni tambarare. Palikuwa na kinundu. Kilikuwa kidogo sana, kama kichuguu cha siku moja. Lakini mahali pale Mghoi alipafahamu. Ndipo palipoota mlima kwa wale watoto wanne.

Akaizima skrini, akamvua mtoto kofia, akampa mama yake.

*

Daktari Nyambu alikuwa kijana mpole aliyekula ofisini huku akisoma. Aliitazama picha mara mbili, akaikuza, akafuta vidole vyake vya chapati, akaitazama tena.

"Mashine imekiona, Dada Mghoi," alisema. "Imekipima, ikaamua hakifiki kiwango. Kijani ni kijani."

"Najua."

"Na unajua kifungu."

Alikijua. Kila msomaji wa picha alikitia sahihi siku ya kwanza kazini: hatamwambia mzazi jambo ambalo mashine haijalitamka. Watu walikiita Kifungu cha Ukimya, na hakikutungwa kwa ukatili. Miaka kumi iliyopita picha zilisomwa kwa macho ya watu peke yake, na watu waliogopa. Kila walipoona kivuli walimwachisha mtoto ziwa kwanza, wakauliza baadaye. Mghoi mwenyewe, akiwa kazini pwani, alitazama picha ya mtoto wa mwanamke mmoja aitwaye Malemba akadhani ameona kitu. Siku kumi na moja mtoto yule alinyimwa ziwa bure. Majibu yaliporudi safi, maziwa ya Malemba yalikuwa yamekauka, na mtoto akaingia kwenye kuharisha kulikomwacha mifupa kwa mwaka mzima. Alipona. Malemba hakumlaumu Mghoi hata siku moja. Walipokutana alimsalimu vizuri na kumwuliza habari za nyumbani, na Mghoi angeona afadhali atukanwe.

Kwa hiyo aliporudi chumbani kwake alifanya alichotakiwa kufanya. Aliandika kijani kwenye kitabu, akatia sahihi, akaenda nyuma ya kituo kuanua mashuka.

Huko alimkuta mama mkwe wa Saru, mwanamke mwembamba wa miaka sabini hivi ambaye wote walimwita Mama Kimbio. Alikuwa akifua nepi za mjukuu wake kwenye karo, lakini alikuwa ameacha kufua. Alikuwa ameshika nepi moja karibu na pua, ameganda.

"Sista," alisema bila kugeuka, "hebu njoo unuse."

Mghoi akainama. Nepi ilinuka mkojo wa mtoto, na juu ya mkojo kulikuwa na harufu tamu, nzito, kama sukari iliyosahauliwa jikoni ikaungua.

"Unampa Saru uji wa uwatu?" aliuliza Mghoi polepole. Alimwona asubuhi amebeba chupa ya uji, na mbegu zile mama akizila, mtoto naye hunukia hivyohivyo. Wasomaji wote waliijua habari hiyo. Ilikuwa imewadanganya wengi.

"Nampa, ili maziwa yashuke. Si mnajua siku tatu za kwanza mtoto alikuwa hanyonyi, analamba tu?" Mama Kimbio akaikunja nepi. "Lakini uwatu nimeuanza jana jioni. Harufu hii nimeisikia tangu juzi."

Mghoi akayaweka mashuka kwenye beseni.

"Na si mara yangu ya kwanza kuisikia," aliendelea yule mama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeeleza njia. "Mtoto wangu wa kwanza, Kimbio mwenyewe, kaka yake Righa, huyu mume wa Saru. Alikuwa na miaka mitatu. Hakuwahi kuumwa, alikuwa anakimbiza mbuzi. Akashikwa na homa ya surua, akakataa kula. Siku ya pili akainuka kitandani akawa anatembea kama mlevi, anagonga kuta. Na ananuka hivi. Siku ya tatu nikamzika. Wakasema ni malaria ya kichwa. Wifi yangu Wughanga akasema mbele ya watu wote matangani kwamba nilimwacha mtoto anyeshewe, nikamuua."

"Ulimwacha anyeshewe?"

"Kulikuwa na mvua, sista. Huku kwetu kuna mvua." Akatazama mikono yake yenye povu. "Miaka arobaini na moja nimejiuliza."

*

Mghoi alikaa kwenye ngazi za nyuma na beseni lake. Mchana ulikuwa mzuri, wa baridi na jua, na mapanga ya mitambo yalizunguka juu mlimani kwa utaratibu. Alijua mambo mawili, na hayakukubaliana. Akinyamaza, pengine hakuna lolote, mtoto atakua, na kinundu kitabaki siri ya mashine. Au siku moja itakuja homa. Akisema, atamtwika mwanamke aliyejifungua juzi hofu asiyoweza kuipima, na hofu ya namna hiyo ilishawahi kukausha maziwa ya mtu. Kwa Malemba alikuwa ametoa dhana yake kama jambo la hakika. Hilo ndilo lililomuuma mpaka leo, zaidi ya kosa lenyewe.

Je, mtu anaweza kumpa mwenzake shaka, na ikabaki shaka?

Akainuka, akayaacha mashuka palepale.

Saru alikuwa anafunga mizigo. Mkawasi alikuwa mgongoni kwa bibi yake, amelala.

"Saru, kaa kidogo," alisema Mghoi. "Nitakwambia kitu ambacho sheria inanikataza kukwambia. Taa ya mtoto wako ni kijani, na mashine hii inapatia kuliko mimi. Lakini nimeona kinundu kidogo mahali ambapo sipendi kukiona. Mama yako hapa amesikia harufu, na anayo habari ya mwanawe wa kwanza. Inaweza kuwa si kitu. Niliwahi kusema ni kitu, na hakikuwa kitu, na mtoto akateseka kwa ajili yangu. Sijui, Saru. Hilo ndilo ninalokwambia. Sijui."

Saru hakulia. Alimtazama mama mkwe wake, akamtazama mtoto, akakaa kitandani.

"Ningemwachisha ziwa, ingekuwaje?"

"Kama ni mgonjwa, ungekuwa umemsaidia. Kama si mgonjwa, ungekuwa umemwumiza."

"Basi simwachishi." Akafikiri, na alipoanza kusema tena ilikuwa sauti ya kazini. "Huko juu, mtambo ukianza kutoa mlio tusioujua, wale wageni wa kazi hutaka kuuzima. Ukiuzima, vijiji kumi havina umeme, na mlio wenyewe hutausikia tena. Sisi hatuuzimi. Wala hatuondoki. Tunapiga kambi pale chini, tunasikiliza, na mkono uko kwenye swichi. Unaelewa? Hebu niambie nisikilize nini."

Miaka kumi Mghoi alikuwa amedhani njia ni mbili tu, kunyamaza au kuogopesha.

Wakapanga, wote watatu, juu ya kitanda kile. Saru angebaki kituoni siku tatu. Angenyonyesha kama kawaida. Kila baada ya saa tatu wangeangalia kama mtoto ameamka mwenyewe, kama shingo na mikono imekaza au imelegea, kama analia kwa sauti yake ya kila siku. Nepi zote zingenuswa, na uji wa uwatu ungekoma leo.

"Mimi nitanusa," alisema Mama Kimbio.

Kisha Mghoi akarudi kwa Daktari Nyambu na kujishtaki mwenyewe. Daktari aliweka chini kikombe chake. Alikasirika kweli, na kwa mara ya kwanza alimwita bila kutaja udada.

"Mghoi, umevunja kifungu ndani ya kituo changu."

"Nimekivunja. Andika. Lakini wewe kifungu hakikufungi kama mimi. Daktari akipata historia ya ukoo anaruhusiwa kuagiza kipimo cha vinasaba. Historia iko karoni, inafua nepi. Nenda kaisikilize."

Alikwenda. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi aliandika mambo mawili, moja baada ya jingine: ripoti ya kumshtaki Mghoi kwa Bodi ya Picha, na ombi la kipimo. Saa tisa alasiri droni ikapaa kuelekea pwani, ndani yake matone matatu ya damu ya Mkawasi.

*

Siku ya pili walimvisha kofia tena. Mtoto sasa alikuwa ananyonya kwa fujo, amenenepa mashavu. Mghoi alipotazama mstari, upande ule wa kulia palikuwa tambarare. Kinundu hakikuwepo. Na nepi, Mama Kimbio alikiri huku akinusa kwa mara ya nne, zilinuka mkojo tu.

Hapo ndipo Mghoi alipoyumba. Ingekuwa rahisi kusema, jamani nimekosea tena, nendeni nyumbani. Alimwambia Saru hivyohivyo ilivyo: kimeondoka, na sijui kwa nini kimeondoka.

"Mlio ukikoma wenyewe," alisema Saru, "mimi huwa naogopa zaidi." Lakini alikuwa anatabasamu, kwa sababu mtoto alikuwa amemshika kidole.

Siku ya sita baada ya droni kupaa Saru aliitwa arudi kituoni: majibu yalikuja, na yalikuja kwa sauti ya daktari mwanamke wa maabara ambaye alitaka kuwaona wote kwenye skrini, bibi akiwemo. Alieleza taratibu. Mkawasi alikuwa na ugonjwa huo, lakini wa aina ya upole ambayo kofia haikutengenezwa kuitafuta. Mwili wake unavunja protini, ila unakwenda mwendo wa taratibu. Akishiba na kuwa mzima, unamudu kazi. Ndiyo maana mstari ulinyooka alipoanza kunyonya vizuri. Asipokula, au homa ikimshika, mwili huanza kula nyama yake wenyewe, asidi humwagika kuliko zinavyovunjwa, na hupanda kichwani.

"Kwa hiyo mashine haikukosea," alisema Daktari Nyambu.

"Haikukosea. Iliulizwa kama mtoto ni mgonjwa leo, ikasema hapana. Msomaji wenu aliuliza swali jingine."

"Ninyonyeshe?" aliuliza Saru.

"Nyonyesha mpaka achoke mwenyewe. Atakula maharagwe, atakula nyama kidogo, atacheza. Akipata homa tu, usingoje: maji ya sukari, uji mwepesi wenye sukari, hapana maziwa, hapana nyama, na mbio hospitali na barua nitakayowapa. Hilo ndilo lote."

Saru akapumua mpaka mabega yakashuka. Mama Kimbio alisogea karibu na skrini.

"Daktari, mwanangu," alisema, "mvua je? Mtoto akinyeshewa?"

Yule daktari hakuelewa mvua imetoka wapi, lakini historia ya Kimbio alikuwa ameisoma kwenye ombi, akalijibu swali vizuri. "Mvua haina uhusiano, mama. Ni surua ndiyo iliyomwua mwanao, na ugonjwa aliozaliwa nao. Wakati ule hakuna mtu hapa nchini ambaye angejua."

Mama Kimbio akasema asante. Akatoka nje, akakaa kwenye benchi juani, na Mghoi alipomfuata kumwuliza kama anataka chai alisema ndiyo, na andazi pia.

*

Bodi ya Picha ilimsikiliza Mghoi kwa dakika arobaini. Walikuwa watu watatu, na hawakuwa wabaya. Walisema mtoto mmoja kupona hakufuti kifungu kilichowaokoa wengi, na Mghoi, akimkumbuka Malemba, alikubaliana nao kuliko walivyotarajia. Walimwondoa kwenye kusoma picha kwa miezi mitatu. Miezi hiyo aliimaliza kwenye mizani na chanjo, akagundua kwamba watoto wa miezi minne ni wachekeshaji kuliko wa siku tano.

Lakini mwenyekiti wa bodi alikuwa amemwuliza mwisho, karibu kama mtu anayeuliza njia ya kutokea: "Wewe ungetaka msomaji aruhusiwe kusema nini?" Mghoi aliandika ukurasa mmoja. Walibishana juu yake mwaka mzima, wakafuta nusu, wakarudisha robo, na hatimaye vituo vitano vikaruhusiwa kujaribu. Chini ya taa ya kijani sasa kulikuwa na mstari unaoweza kujazwa au kuachwa: *Picha ni safi. Msomaji ana swali.* Na chini yake, orodha ya mambo ya kusikiliza, aliyoiandika fundi mmoja wa mitambo ya upepo.

Mkawasi alipata homa yake ya kwanza akiwa na miezi kumi na mmoja. Saru alimpa maji ya sukari njia nzima, akiwa amevaa bado mkanda wake wa kupandia minara. Walimtundikia dripu ya sukari saa nne asubuhi. Saa kumi alikuwa ameketi, ameivua soksi moja, anaitafuna.

Ni baada ya siku hiyo Mama Kimbio alipoanza kutembea. Alikwenda kwa ndugu za marehemu mumewe, nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, na kila mahali alisema habari ya Kimbio tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kuficha na bila kulia. Wengine walimwambia aache kuchokoza makaburi. Alikunywa chai yao akaenda nyumba ya pili.

Jumatano moja ya mwezi wa nane lori la kanisa likasimama mbele ya kituo cha Iyale. Walishuka watu kumi na saba wenye nguo za Jumapili, wajawazito wawili, watoto wa kila kimo, wakibishana nani aanze kutolewa damu ya kipimo. Mghoi, ambaye alikuwa amesharudi kwenye picha zake, aliacha kofia akatoka kuwapanga.

Wa mwisho kushuka alikuwa bibi mzee sana, mwenye fimbo, akiongozwa na kitukuu. Aliomba jina lake liandikwe vizuri: Wughanga, dada wa marehemu mume wa Mama Kimbio. Kisha akatazama benchi lililokuwa juani, ambapo Mama Kimbio alikuwa ameketi na Mkawasi mapajani.

Alikwenda pale kwa hatua fupifupi. Hakuketi. Alisimama mbele yake, fimbo mbele, na watu wote waliokuwa wakibishana wakanyamaza, maana walikuwa wa ukoo mmoja na walijua.

"Wifi," alisema, "nilisema mbele za watu. Nimeona nije mbele za watu." Akavuta pumzi. "Haikuwa mvua."

"Haikuwa mvua," alisema Mama Kimbio.

"Haikuwa wewe."

Mama Kimbio alimwangalia, uso wake ukiwa mtulivu. Halafu akasogea upande mmoja wa benchi na kumhamishia Mkawasi kwenye goti la kushoto.

"Keti basi, wifi," alisema. "Hii foleni ni ndefu."